Chuma kisichoshika kutu: Siri ya ugumu wake kinapokunjwa

Bamba la chuma kisichoshika kutu likikunjwa mara ya kwanza hutii. Likinyooshwa na kukunjwa tena palepale, hukaidi, na hatimaye huweza kupasuka. Aghalabu fundi hulaumiwa bure, ilhali chanzo ni maumbile ya chuma chenyewe.

Aina inayotumika zaidi kuundia sufuria, masinki na matangi ya maziwa huwa na takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Atomi zake zimepangika kwa matabaka, nayo matabaka hayo huteleza chuma kinapogongwa au kuvutwa. Kadiri yanavyoteleza, ndivyo kasoro za mpangilio zinavyosongamana na kuzuiana. Hapo chuma huwa kigumu.

Hali hiyo huzikumba metali nyingi. Hata hivyo, chuma hiki kina jambo la ziada. Kikifinyangwa kikiwa baridi, sehemu ya fuwele zake hubadili mpangilio kutoka austenaiti hadi martensaiti, ambayo ni ngumu zaidi na hunaswa na sumaku. Ndiyo sababu sumaku huweza kushika pembe za sinki lakini isishike sehemu zake bapa. Mnunuzi anayekataa chombo kwa sababu tu kimenaswa na sumaku huenda akaacha bidhaa bora.

Chuma kikipashwa hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, mageuzi hayo hupungua sana na bamba huvutika kwa urahisi. Viwanda vinavyotengeneza vyombo vyenye kina kirefu huweza kupasha ukingo wa bamba huku vikipoza sehemu ya katikati, ili isikonde na kutoboka.

Hata hivyo, moto usio na kipimo ni hatari. Chuma kikikaa kati ya nyuzi 425 na 850, kaboni huungana na kromiamu mipakani mwa fuwele. Maeneo ya kando hupungukiwa na kromiamu, hivyo kutu hupata mwanya.

Ili kurejesha ulaini, chuma hupashwa hadi kati ya nyuzi 1,010 na 1,120, kisha hupozwa haraka. Asiyeweza kupima joto hilo ni heri apange mikunjo yake vyema tangu mwanzo, kuliko kukimbilia jiko la makaa.