Kwa nini shamba hukauka hata mvua inaponyesha Ukambani

WAHENGA walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima wa Machakos, Kitui au Makueni, hata hivyo, mvua yenyewe si dalili ya mavuno. Aghalabu mvua hunyesha Novemba, mahindi yakachipuka na kufika kimo cha goti, kisha jua la majuma mawili mwezi Desemba likayakausha kabla hayajatoa mbelewele. Ukitazama kipimo cha mvua, utaambiwa msimu ulikuwa wa wastani. Ukilitazama shamba, utaona ukame.

Tofauti hiyo kati ya kipimo cha mvua na hali ya shamba ina maelezo yake, nayo yamo chini ya miguu ya mkulima. Mmea haunywi mvua inayonyesha, bali hunywa maji ambayo udongo umeyaweka. Kwa hivyo, anayetaka kuelewa jinsi ukame ulivyobadilika Ukambani na mashariki mwa Kenya kwa jumla, sharti atazame unyevu wa udongo sawa na anavyotazama mawingu.

Aina za ukame

Wataalamu hutofautisha aina tatu za ukame. Upo ukame wa hali ya hewa, yaani mvua kunyesha chini ya kiwango cha kawaida. Upo ukame wa kilimo, ambao hutokea unyevu wa udongo unaposhuka hadi mizizi ikashindwa kuuvuta. Upo pia ukame wa maji, ambapo mito, visima na mabwawa hupungua au kukauka kabisa.

Aina hizi tatu hazifiki pamoja wala haziondoki pamoja. Ukame wa kilimo unaweza kuliua zao katika msimu ambao mto ungali unatiririka. Kadhalika, mvua kubwa ya siku chache inaweza kujaza mabwawa na kuliacha shamba la mlimani likiwa kavu kwa sababu maji yaliteremka yote.

Udongo ni ghala

Milimita moja ya mvua katika ekari moja ni takriban lita 4,000 za maji. Mvua ya milimita 25, ambayo si ajabu kunyesha alasiri moja ya Novemba, huteremsha lita zipatazo 100,000 katika ekari hiyo. Iwapo thuluthi moja itateremka bondeni, mkulima atakuwa amepoteza zaidi ya mitungi 1,600 ya lita 20 kwa siku moja.

Maji yaliyobaki huingia ardhini hadi udongo ukashiba. Yanayozidi hapo huzama chini zaidi ya mizizi. Baada ya hapo ghala huanza kutumika: sehemu moja huvukizwa na jua kutoka juu ya ardhi, na nyingine huvutwa na mizizi na kutolewa kupitia majani. Hatimaye hufika kiwango cha kunyauka, ambapo udongo ungali na maji kidogo lakini umeyashika kwa nguvu kiasi kwamba mmea hauwezi kuyapata.

Ukubwa wa ghala hutegemea aina na kina cha udongo. Kichanga hupokea maji upesi lakini huhifadhi machache. Mfinyanzi huhifadhi mengi lakini huyashika kwa nguvu. Tuchukue mfano wa shamba la kichanga ambalo mizizi inaweza kupata milimita 50 za maji. Mahindi yanayochanua katika sehemu yenye joto yanaweza kutumia milimita tano kwa siku, hivyo akiba hiyo itakwisha kwa siku kumi. Joto likipanda na matumizi yakafika milimita sita, itakwisha kwa siku nane. Endapo mmomonyoko umekwisha kuondoa thuluthi moja ya kina cha udongo, siku zitapungua zaidi. Katika pengo hilo la siku chache ndimo mavuno ya familia hupotelea.

Majina ya njaa

Ukame si jambo geni Ukambani. Wakamba walizipa njaa zao majina, na kwa majina hayo historia ya eneo inaweza kusimuliwa. Njaa ya Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19 ilienea kila mahali, jinsi jina lake linavyoashiria. Ile ya mwaka wa 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa nikiwa na pesa mkononi, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeadimika hata kwa mwenye fedha.

Katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni walieleza Machakos kuwa nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa la mawe na mchanga. Wakoloni walilaumu wingi wa mifugo na kuanza kuwapunguza kwa nguvu. Mwaka wa 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga hatua hiyo. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu.

Yaliyofuata hayakutarajiwa na wengi. Idadi ya watu iliongezeka yapata mara tano kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980, lakini mmomonyoko ulipungua. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka wa 1994, ulionyesha kuwa wakulima walikuwa wamejenga matuta katika sehemu kubwa ya mashamba yao, wakapanda miti na kuongeza mazao kwa kila ekari. Akina mama, kupitia vikundi vya mwethya, walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Mvua inavyobadilika

Sehemu nyingi za Ukambani hupata kati ya milimita 500 na 1,000 za mvua kwa mwaka, zikigawika katika misimu miwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tofauti na wakulima wa nyanda za juu za magharibi, wakulima wa huku hutegemea zaidi vuli.

Mvua ya masika ilipungua Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000, na msimu wenyewe ukafupika kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kwisha. Jambo hili liliwatatiza wanasayansi, kwani mifano mingi ya kompyuta ilikuwa imetabiri kwamba eneo hili litapata mvua zaidi ulimwengu unapopata joto. Tangu hapo masika imekuwa ya kuyumbayumba: miaka ya 2018, 2020 na 2024 ilikuwa na mvua kubwa, ilhali 2021 na 2022 ilikuwa mikavu.

Vuli nayo hufuata hali ya Bahari Hindi. Maji ya upande wa Afrika yanapopata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huzidi, kama ilivyokuwa mwaka wa 1961, 1997, 2019 na 2023. Hali inapogeuka, hasa pamoja na La Nina katika Bahari ya Pasifiki, mvua hukosekana.

Ndivyo ilivyotokea kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020. Misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, hadi mwisho wa mwaka wa 2022. Mnamo Septemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Nchini Kenya zaidi ya watu milioni nne walihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa. Kisha mwishoni mwa mwaka wa 2023 na tena Aprili 2024 yakaja mafuriko yaliyoua mamia ya watu na kubeba udongo wa mashamba.

Joto linavyokomba ghala

Mwaka wa 2023 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, wakiwemo Wakenya, lilichunguza ukame huo katika mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na kusini mwa Somalia. Lilibainisha kuwa mabadiliko ya tabianchi yalikuwa yameongeza uwezekano wa ukame wa kilimo wa kiwango kile angalau mara 100 hivi.

Sababu kuu haikuwa uhaba wa mvua pekee. Hewa yenye joto hufyonza maji zaidi. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia saba. Wanasayansi hao walieleza kwamba katika ulimwengu uliokuwa baridi zaidi kwa nyuzi 1.2, uhaba uleule wa mvua haungesababisha ukame wa kilimo wa kiwango kile. Kwa maneno mengine, mvua iliyomtosha babu huenda isimtoshe mjukuu katika shamba lilelile.

Unyevu wa udongo siku hizi hupimwa hata kutoka angani. Setilaiti ya SMOS ya Ulaya ilirushwa Novemba 2009, na ile ya SMAP ya Marekani Januari 2015. Hata hivyo, vyombo hivyo huona sentimita tano tu za juu, na hesabu hutumika kukadiria hali ya kina cha mizizi. Humu nchini, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, iliyoanzishwa mwaka wa 2011, hutoa taarifa za kila mwezi kuhusu kaunti 23 kame, ikizingatia pia hali ya mimea na mifugo.

Namna ya kulijaza ghala

Mkulima hana mamlaka juu ya mawingu, lakini ana njia kadhaa za kuongeza maji yanayoingia ardhini na kupunguza yanayotoroka. Ya kwanza ni matuta ya fanya juu, ambayo mtaro huchimbwa na udongo kutupwa upande wa juu, hivyo maji yakasimama na kuzama. Ya pili ni mashimo ya zai, yanayochimbwa kabla ya mvua na kutiwa samadi ili kukusanya maji mahali mmea ulipo.

Ya tatu ni kufunika ardhi kwa matandazo. Matone makubwa yakipiga udongo mtupu huufinya ukawa na utando mgumu usiopitisha maji. Majani makavu huzuia pigo hilo na kupunguza mvuke. Kizuizi kikubwa ni kwamba mabua hayohayo ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na kila familia hulazimika kuamua nani ale kwanza, udongo au mifugo.

Kitui inajulikana pia kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakahifadhiwa ndani ya mchanga huo mbali na jua. Mbegu zinazokomaa upesi, kama vile mahindi ya Katumani yaliyotolewa katika miaka ya 1960, pamoja na mtama, wimbi, pojo na mbaazi, hupunguza idadi ya siku ambazo mmea hutegemea akiba ya udongo.

Ni vyema kukiri mpaka wa mbinu hizi. Hakuna tuta linaloweza kuzuia maji ambayo hayakunyesha, na katika misimu mitano ya kati ya 2020 na 2022 hata mashamba yaliyotunzwa yalitoa kidogo au yakakosa kabisa. Faida yake huonekana katika miaka ya wastani, ambayo ndiyo mingi, pale siku nane za akiba zinapogeuzwa kuwa kumi na tano.

Kwa sababu hiyo, anayesubiri vuli asiishie kusikiliza utabiri wa mvua. Na achimbe shimo shambani siku moja au mbili baada ya mvua ya kwanza kubwa, apime ni kina gani kimelowa. Ikiwa mvua ilinyesha vizuri na unyevu haukupita urefu wa kiganja, basi maji yamekwenda kwingine, na pa kuanzia kazi ni pale yalipotorokea.