Usaili Sanifu: Kipimo Kimoja kwa Waombaji Wote

Usaili sanifu ni ule ambao waombaji wote wa nafasi moja huulizwa maswali yaleyale, na majibu yao hupewa alama kwa mwongozo ulioandikwa kabla mwombaji wa kwanza hajaingia chumbani. Wapo wanaouita mahojiano yenye muundo. Lakini mahojiano hufanywa pia na polisi na mwandishi wa habari, ilhali msaili ana kazi moja tu: kupima kama mtu anaiweza kazi. Muundo nao hutaja umbo, na hata orodha ya maswali ya ovyo ina umbo. Sanifu, kama tunavyosema Kiswahili sanifu, hubeba wazo la kipimo kimoja kinachowabana wote, akiwamo msaili mwenyewe.

Kipimo hicho ndicho kinachokosekana katika usaili mwingi wa Mwanjelwa au Mafinga, kusini mwa Tanzania, unaoanza na "wewe ni wa wapi?" na kuishia kwenye ukoo, kanisa na nani anamfahamu nani. Mkinga, Mhehe au Mnyakyusa akijibu, msaili anakuwa amepima ukaribu, si uwezo. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu anakotoka, dini, ujauzito na hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Utafiti nao uko upande huohuo. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter, wakijumlisha tafiti za miaka 85, waliupa usaili sanifu 0.51 na ule wa kiholela 0.38, kwa kipimo ambacho 1 ni ubashiri usiokosea wa utendaji kazini. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo wakapata 0.42 na 0.19: namba zilishuka, pengo likapanuka.

Mwenye kiwanda kidogo cha mbao atasema hana muda wa mambo ya ofisi kubwa. Swali moja linamtosha kuanzia: "Umeme ukikatika gogo likiwa katikati ya msumeno, unaanza na lipi?" Anayesema atalivuta gogo apewe 1. Anayesema atazima swichi apewe 3. Anayezima swichi ili umeme ukirudi msumeno usimkute mtu, akawasogeza wenzake, ndipo akalishughulikia gogo, apewe 5. Maswali matano ya namna hiyo huandikwa jioni moja, na hutumika tena nafasi ikitokea.

Mwingine atasema mdhamini anatosha. Mdhamini husaidia mali ikipotea. Hajui kama mtu ataweza mashine. Pingamizi zito zaidi ni kwamba utaratibu huu unaondoa utu, msaili akabaki kusoma karatasi. Lakini hakuna anayemkataza kusalimia, kumpa mgeni kiti na maji, wala kumwomba afafanue jibu; anachokatazwa ni kumlegezea swali anayempenda. Tena utu hupimwa zaidi kwa aliyekosa nafasi. Katika usaili wa kiholela huambiwa "tutakupigia". Katika usaili sanifu anaweza kuonyeshwa swali lililomwangusha, akajua cha kujifunza kabla ya kuomba tena.