Ni Nani Aliyezika Silaha?

Huenda wadhani kwamba sarufi ya Kiingereza ni jambo la mtihani, na historia ni jambo jingine lililo mbali nayo. Twende pamoja hata Lokiriama, magharibi ya Lodwar, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, tuone kama ndivyo.

Mwezi wa Desemba, mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, waliokuwa wakinyang'anyana ng'ombe kwa miaka mingi, walikutana hapo wakapatana. Wakazika silaha ardhini, iwe ishara ya kuacha vita.

Mwanafunzi akiiandika habari hiyo kwa Kiingereza aweza kusema: “Having buried the weapons, the elders went home.” Maneno manne ya kwanza yana kitendo, wala hayamtaji mtendaji. Wanasarufi hukiita kitendo cha namna hiyo kwa neno litokalo katika Kilatini, maana yake “kisicho na mpaka”, kwa kuwa hakifungwi na nafsi wala wakati. Basi huazima mtendaji katika sentensi kuu, nao ni wazee.

Mwenzake akiandika, “Having buried the weapons, peace returned,” amekosea. Kwa kanuni ile ile, iliyozika silaha ni amani yenyewe! Wazee wametoweka.

Tena Kiingereza hupenda kuacha maneno yanayoweza kufahamika. “If attacked, they will fight” ni kifupi cha “If they are attacked, they will fight.” Anayeshambuliwa twamjua, anayeshambulia hatajwi popote.

Usidhani Kiswahili kimesalimika. “Baada ya kuzika silaha, amani ilirudi” ina ila ile ile. Bali ukisema, “Wazee walipokwisha kuzika silaha, amani ilirudi,” umempa kila mmoja haki yake.

Jambo hili si dogo. Ng'ombe wakiibwa, swali la kwanza ni: nani aliyewachukua? Watu wakipatana, yafaa pia tuulize: nani waliopatana? Amani ya Lokiriama haikujileta. Waliileta watu waliokuwa na sababu nyingi za kuendelea kupigana. Kwa hiyo, kila usomapo au uandikapo kitendo kisicho na mtu, simama kwanza, umtafute mwenyewe.