Vitabu vya Wapelelezi na Amri ya Nane: Funzo kutoka Unguja

Utangulizi

Kitabu cha Hesabu, sura ya 13, kinatusimulia habari za watu kumi na wawili waliotumwa na Musa kuipeleleza nchi ya Kanaani. Wote walipita njia moja, waliona miji ileile na kuonja matunda yaleyale. Hata hivyo waliporudi walitoa taarifa mbili zisizopatana. Kumi walisimulia majitu, nao wakajiona kuwa kama panzi. Wawili waliiona ahadi ya Mungu. Tofauti yao haikuwa katika macho bali katika fasiri, na kwa sababu ya fasiri mbaya taifa zima lilitangatanga miaka arobaini.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu makala hii inahusu vitabu vilivyoandikwa na wapelelezi, au vilivyoandikwa juu yao, kuhusu kisiwa cha Unguja. Vitabu hivyo si vichache, na wanafunzi wetu huvisoma kwa hamu, pengine kuliko wanavyosoma historia ya Kanisa. Swali letu ni hili: sisi tuliokabidhiwa kuitangaza kweli tuvisomeje vitabu vya watu ambao kazi yao ilikuwa kuificha?

Mafundi wasiokuwa mafundi

Upelelezi Unguja haukuanza juzi. Mwezi Novemba 1884 kijana wa Kijerumani, Carl Peters, alishuka bandarini Zanzibar pamoja na wenzake wachache. Walisafiri kwa majina ya bandia wakijifanya mafundi. Muda si mrefu wakavuka kwenda bara, na huko Usagara na sehemu za jirani wakapata alama za machifu juu ya karatasi ambazo baadaye zilifanywa kuwa msingi wa utawala wa Kijerumani. Yatupasa sisi Walutheri kukumbuka kwamba Peters alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Kulelewa karibu na madhabahu hakumzuii mtu kuficha jina lake anapotaka kuchukua kilicho cha mwenzake.

Kisiwa kimoja, taarifa nyingi

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliufanya Mji Mkongwe kuwa kituo cha macho na masikio ya dunia. Tangu 1960 Marekani ilikuwa na makubaliano ya kujenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Wapo walioamini kwamba kilikuwa cha silaha, na mwezi Aprili 1964 Serikali ya Mapinduzi iliagiza kiondolewe. Wakati huohuo wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki, China na Urusi walikuwa wakiwasili. Tarehe 26 Aprili Zanzibar na Tanganyika ziliungana.

Sasa tuangalie walivyoandika. John Okello, katika kitabu chake cha 1967, alijitaja kuwa kiongozi wa yote, akisema ameitwa na Mungu kwa ndoto. Helen-Louise Hunter, aliyekuwa mchambuzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, alichapisha mwaka 2010 kitabu kilichotokana na taarifa ya siri ya shirika hilo ya mwaka 1966. Humo jambo kubwa ni kuwatafuta wakomunisti na kupima nguvu zao. Don Petterson, aliyekuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa Marekani Unguja siku za mapinduzi, aliandika mwaka 2002 juu ya hofu ya wakubwa wake kwamba kisiwa kingekuwa Kuba ya Afrika. Naye Amrit Wilson, katika kitabu cha 1989, alizitumia nyaraka za Marekani zilizokwisha kufunguliwa kuonyesha jinsi hofu hiyo ilivyoathiri siasa za Muungano.

Msomaji atatambua kwamba kila mmoja aliona sehemu ya kweli. Atatambua pia kwamba katika taarifa nyingi za aina hii mvuvi wa Nungwi na mchuuzi wa Darajani hawaonekani kabisa. Wanaoonekana ni mahasimu wa mwandishi, nao ni wakubwa kama majitu ya Kanaani.

Simu ya mwaka 1965

Tukio moja linastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo. Mwezi Januari 1965 Frank Carlucci alikuwa balozi mdogo wa Marekani Unguja, na Robert Gordon alikuwa ofisa mwandamizi wa ubalozi huo Dar es Salaam. Walizungumza kwa simu, na simu ilikuwa inasikilizwa. Kwa maelezo ya Petterson, walikuwa wakishauriana namna ya kupata salamu za pongezi kutoka kwa kiongozi wa ngazi ya juu zaidi wa Marekani, kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa mapinduzi. Katika kusema hivyo walitumia neno lenye maana ya risasi, kama watu wanavyotumia lugha ya mafumbo wanapotaka hoja yenye nguvu. Aliyekuwa akisikiliza alielewa risasi kuwa ni risasi. Wote wawili wakafukuzwa nchini kwa tuhuma za njama; Marekani nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania.

Hatupaswi kumcheka msikilizaji huyo. Wiki chache kabla, Novemba 1964, zilitangazwa barua zilizodaiwa kuonyesha njama za mataifa ya Magharibi dhidi ya Tanzania, ambazo baadaye zilibainika kuwa za kughushi. Tena Carlucci mwenyewe, ambaye siku zote alikana kula njama, alikuja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA kuanzia 1978. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hapo ndipo penye funzo: hofu ikishakaa masikioni, hata salamu za pongezi husikika kama vita.

Walimu kutoka Berlin

Kitabu kingine ni kumbukumbu za Markus Wolf, zilizotoka mwaka 1997. Wolf aliongoza ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki hadi 1986, naye anaeleza jinsi alivyosafiri mwenyewe hadi Zanzibar mwaka 1964 kusaidia kuanzisha idara ya usalama. Wajerumani hao hao walijenga nyumba za ghorofa, na wengi wamezifurahia hadi leo. Msaada ulikuja na mikono miwili.

Kwa msomaji wa Kilutheri habari hii ina uchungu wa pekee. Wizara ile iliyoleta walimu wa usalama Unguja ndiyo iliyokuwa ikizichunguza sharika za Kilutheri za Ujerumani Mashariki, katika nchi ya Luther mwenyewe. Majalada yalipofunguliwa kwa wahusika mwezi Januari 1992, wachungaji walisoma maneno waliyoyasema sebuleni kwao, na wengine wakagundua kwamba aliyeyapeleka alikuwa mchungaji mwenzao. Hivyo wazee wa Mji Mkongwe na wazee wa sharika za Leipzig, bila kufahamiana, walijifunza desturi moja ya kunyamaza.

Waliosikilizwa

Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui. Watu wengi wakakamatwa, na kesi ya uhaini iliyofuata iliwahusu washtakiwa 81, ikasikilizwa bila mawakili. Abdulrahman Babu alikaa kizuizini bara hadi 1978. Mwandishi Adam Shafi, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwenyewe, ametuachia riwaya ya Haini, iliyotoka mwaka 2003. Tunaona kwamba riwaya hii yafaa kusomwa kando ya vitabu vya majasusi, maana inamweka mbele yetu yule ambaye wengine wanamtaja kama jina tu ndani ya jalada.

Tulipokuwa wageni Unguja miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja mwenyeji wetu alitukaribisha kahawa barazani. Tulipomwuliza habari za miaka ile hakujibu. Alituingiza ndani, akaongeza sauti ya redio, ndipo akaanza kusema. Hakuna tena aliyekuwa akimsikiliza, alikuwa amezoea. Siri ya mtungi, wahenga walisema, aijuaye ni kata.

Hitimisho

Katika Katekisimo Ndogo Luther anafafanua Amri ya Nane kwa kutukataza kumsaliti na kumsingizia jirani, kisha anatutaka kumtetea na kuyafasiri mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Kazi ya mpelelezi, kwa desturi yake, ni kinyume cha hayo: huyafasiri mambo ya jirani kwa upande ulio mbaya, asije akapatwa bila kujua. Hatusemi kwamba dola haina haki ya kujilinda. Tunasema kwamba taarifa iliyozaliwa na hofu ihesabiwe kuwa taarifa ya hofu. Basi msomaji ajiulize: mwandishi alitumwa na nani? Alimwogopa nani? Nani hakuulizwa?

Maswali hayo si ya vitabu peke yake. Tulipokuwa wachungaji vijana tuliletewa habari za siri juu ya mwinjilisti mmoja wa usharika wetu. Tulizisikiliza mlango ukiwa umefungwa, tukamsimamisha kazi kabla ya kumwita. Baada ya miezi kadhaa tulijua kwamba fedha tulizoambiwa ameiba alikuwa amezipeleka hospitali kwa agizo la mzee wa kanisa. Tulimwomba radhi mbele ya usharika, akatusamehe. Lakini mkewe hakurudi tena kushiriki Meza ya Bwana mikononi mwetu, wala hatukuweza kumlaumu.

Ndugu zetu katika utumishi, ofisi ya mchungaji hupokea siri nyingi kuliko ofisi nyingine nyingi. Ikiwa siri hizo zinakuja kwa kuungama, tuzifunike hadi kaburini. Ikiwa zinakuja kwa kumsema mwingine, tusimhukumu kabla ya kumwita, kumketisha, na kumsikiliza kwa masikio yasiyo na hofu.