Punda wa Bibi na Ramani ya 1951

Niliadimika kidogo, tesiti zilinibana. Leo nilikuwa maktaba natafuta habari za Serengeti kwa ajili ya insha ya historia, nikajikuta nasoma sheria za njia za farasi Uingereza! Ngoja niwaeleze.

Mwaka 1949 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na haki ya watu kufika mashambani. Iliagiza halmashauri zao zichore kwenye ramani rasmi njia za umma, za waenda kwa miguu na za wapanda farasi pia. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo, mwenye shamba hana ubavu wa kujifungia tu. Mwaka 1951 wakatangaza hifadhi yao ya kwanza, Peak District. Vijiji vikabaki mle ndani, na farasi wanapita mpaka leo.

Sasa shika hapo. Mwaka huohuo, 1951, Mwingereza huyohuyo alitangaza Hifadhi ya Serengeti huku Tanganyika. Wamasai walioishi ndani wakahamishiwa Ngorongoro mwaka 1959. Na tusimsingizie mkoloni kila kitu: kipande cha Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, jirani kabisa na sisi Wakurya wa Tarime, kiliongezwa miaka ya 1960 tukiwa huru. Upande wa wilaya ya Serengeti, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakaja 1994.

Mtasema sisi farasi hatuna. Kweli, mbung'o na maradhi ya farasi havikuwapa nafasi. (Kichekesho: hoteli ya Sasakwa ilipofunguliwa Grumeti mwaka 2006, ilileta farasi, wageni wakawa wanapita nao katikati ya nyumbu.) Sisi tuna punda. Ndiye anayebeba mahindi kwenda mashineni, ndiye anayeleta maji.

Mwaka juzi punda wa bibi alikata kamba, akafuata majani upande wa pili wa bikoni. Kumkomboa tukauza mbuzi wawili. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, njia ile nilipita nikiwa mwali. Wewe msomi, nani aliifunga?" Nikabaki natazama chini.

Nawasilisha insha Ijumaa. Mwenye ramani ya zamani ya Tarime inayoonyesha njia za mifugo, hata kama imechanika, anitafute bwenini. Soda juu yangu.