Koroboi ilivyolipa deni la wachakachuaji

Agosti 2026 inatimiza miaka 15 tangu vituo vya mafuta nchini vilipogoma kuuza. Dar es Salaam tukio lile linakumbukwa kwa foleni, madumu na matusi ya madereva wa daladala. Hapa Kahama, fundi mmoja wa pampu na nozeli, aliyeanza kazi hiyo kabla mgodi wa Bulyanhulu haujafunguliwa mwaka 2001, hataki kabisa kuanzia kwenye mgomo. Kwake habari yote ni mafuta ya taa.

Anafungua kopo lililojaa vyuma vya zamani, anatoa pistoni ndogo ya pampu ya dizeli, nene kama kalamu ya risasi, na kuielekeza kwenye mwanga. Pembeni ina michirizi inayohisika kwa ukucha. Pampu nyingi za aina hiyo, anaeleza, hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha, hivyo yakizidi kwenye dizeli chuma kinasaga chuma. Presha inashuka, nozeli inatema matone mahali pa kutoa ukungu, matone hayaungui yakaisha, na gari linaacha wingu jeusi barabarani. Kwenye petroli madhara ni mengine: oktani inashuka, injini inagonga, plagi zinajaa masizi. Miaka ya 2008 hadi 2011, anasema, hakukosa pampu mezani hata siku moja.

Sababu ilikuwa hesabu tu. Kabla ya Julai 2011 ushuru wa bidhaa kwenye lita ya dizeli ulikuwa Sh314, na kwenye lita ya mafuta ya taa Sh52. Anayemimina lita 10,000 za mafuta ya taa kwenye shehena ya dizeli alijiwekea Sh2.6 milioni mfukoni kwa ushuru huo peke yake, bila kuhesabu tozo ya barabara, ambayo mafuta ya taa hayakutozwa. Nafuu ile ilikusudiwa kwa mama wa kijijini mwenye koroboi. Aliyenenepa nayo alikuwa na malori.

Ukanda huu nao ulikuwa na mazingira yake. Isaka, palipo na bandari kavu, ndipo reli inapokabidhi mizigo ya Rwanda na Burundi kwa malori, na matenki yanayopita kuelekea Rusumo hubeba mafuta ya nchi jirani yasiyolipiwa ushuru wa hapa. Migodi mikubwa, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata na Buzwagi mwaka 2009, iliingia na mikataba yenye nafuu ya kodi ya mafuta, jambo ambalo Kamati ya Jaji Mark Bomani ililigusa mwaka 2008 na kutaka lirekebishwe. Kwa hiyo ndani ya safari ya saa chache ungekuta dizeli ileile kwa hesabu tatu: ya mgodi, ya safari na ya mwananchi. Simtuhumu mtu. Lakini mahali penye bei tatu za kitu kimoja hapakosi madalali.

Yaliyotangulia yanajulikana. Kiwanda cha TIPER, kilichojengwa Kigamboni mwaka 1966, kilisafisha mafuta ghafi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2000 biashara ikafunguliwa, yeyote mwenye leseni akaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na kiwanda kikageuka maghala. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kazi mwaka 2006, na mwaka 2009 ikaanza kupanga bei kikomo.

Septemba 2010 vikaja vinasaba. Ni kimiminika kinachotiwa kwa kiasi kidogo mno kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, hapo ghalani. Mkaguzi anachukua sampuli kituoni na kuipima: vinasaba vikipungua, ama mafuta yamechanganywa na ya taa, ama ni ya safari yaliyoishia njiani, ama ni ya msamaha wa kodi. Wiki chache baadaye nchi ikaingia kwenye Uchaguzi Mkuu, na wapinzani wakaanza kusema hata kura zimechakachuliwa.

Vinasaba havikutosha. Juni 2011 Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, aliwaambia wabunge kwamba ushuru wa mafuta ya taa utapanda kutoka Sh52 hadi Sh400.30 kwa lita, na wa dizeli utashuka hadi Sh215. Lengo lilitajwa waziwazi: kuua uchakachuaji. Na kweli uliuawa. Fundi wangu anakiri kwamba pampu zilianza kupungua mezani mwaka huohuo.

Hapo kabla vumbi halijatulia, likazuka lile la Agosti. Serikali ilikuwa imeagiza tozo mbalimbali zipunguzwe na kanuni ya kukokotoa bei ipitiwe upya, na EWURA ikatangaza bei mpya zilizoshusha petroli kwa zaidi ya Sh200 kwa lita. Kampuni zikasema haiwezekani, mzigo ulio ghalani umenunuliwa kwa bei ya juu. Vituo vikaanza kuishiwa mafuta kimojakimoja, kwa namna ambayo mtoto mdogo angeielewa. Bunge lilikuwa Dodoma, wabunge wakapandisha hasira, Waziri wa Nishati na Madini, William Ngeleja, akatakiwa atoe kauli, na kampuni zikapewa saa 24. EWURA ikazipa amri kampuni nne, kisha ikaifungia BP Tanzania biashara kwa miezi mitatu.

Kilichofanya tukio lile liwe kituko ni umiliki. Nusu ya BP Tanzania ilikuwa mali ya Serikali. Mamlaka ya Serikali ikafungia kampuni ya Serikali kwa kukaidi bei ya Serikali, na nusu nyingine wakati huo ilikuwa ikiuzwa kwa Puma Energy, ambayo jina lake ndilo tunaloliona vituoni leo. Siku chache baadaye bei ikapandishwa tena, si kwa kiwango chote, na mafuta yakarudi. Machimboni Geita, anavyosimulia fundi, makarasha ya wachimbaji wadogo yalisimama, na mwenye dumu la lita 20 akawa tajiri wa wiki moja.

Kelele za mgomo zilifunika jambo la Juni, na hilo ndilo linalomkera fundi. Namuunga mkono. Vijiji vingi vya Kishapu na Msalala havikuwa na umeme, mtoto alisomea kibatari, na kibatari kikaongezewa ushuru karibu mara nane kwa kosa la mfanyabiashara ambaye hakukijua kijiji hicho. Wabunge wachache walilisema, halafu petroli ikakosekana mijini na mjadala ukahama.

Jambo jingine lilipotea humo. Kuchanganya mafuta si dhambi. Malawi imekuwa ikitia ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982, na Kenya ilijaribu kwa molasi ya Muhoroni miaka hiyohiyo. Ethanoli huongeza oktani, kazi ambayo zamani ilifanywa na risasi, sumu iliyoondolewa kwenye petroli ya ukanda wetu kufikia mwanzo wa 2006. Sisi tuna viwanda vya sukari na molasi. Jaribio kubwa tunalolikumbuka ni la mibono ya mafuta ya Kisarawe, nalo lilianguka mwaka huohuo wa 2011. Neno mchanganyiko likabaki la polisi na mahakama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kimyakimya. Mafuta yakaanza kuagizwa kwa pamoja, kiwango cha salfa kwenye dizeli ya Afrika Mashariki kikashushwa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, kazi ya vinasaba ikahamia Shirika la Viwango, TBS, na Buzwagi ikafunga uzalishaji mwaka 2021.

Ushuru wa 2011 haukurudi nyuma. Viwango vilivyopangwa mwaka 2017 viliweka mafuta ya taa Sh465 kwa lita na dizeli Sh255. Kwa ushuru huo peke yake, mchakachuaji hakuwa tena na faida ya kutia mafuta ya taa kwenye dizeli, na soko la mafuta ya taa lenyewe limesinyaa: wengi wenye koroboi wamehamia taa za sola za Kichina, na hakuna aliyewahi kuwarudishia walichotozwa.