Kuchagua na kutumia kifaa cha kubadilishia nyuzi za gitaa

NYUZI za gitaa hazidumu sana karibu na bahari. Katika mtaa wa Kisumu Ndogo mjini Malindi, sawa na sehemu nyingine za mwambao kutoka Watamu hadi Kilifi, hewa hubeba chumvi na unyevu mwaka mzima, uvume upepo wa kusi au wa kaskazi. Chumvi hiyo ikichanganyika na jasho la vidole hula shaba iliyozungushiwa nyuzi nene, kisha hushambulia chuma cha nyuzi nyembamba. Uzi hubadilika rangi, hupoteza mlio wake, hukwaruza vidole na hatimaye hukatika.

Kwa sababu hiyo, mpiga gitaa wa Pwani hulazimika kubadilisha nyuzi mara kwa mara. Anayeifanya kazi hiyo kwa vidole vitupu na koleo la fundi wa nyumba hupoteza muda mwingi na, mara nyingine, huharibu ala yenyewe. Kwa mwanamuziki anayelipwa kwa usiku mmoja hotelini au harusini, au anayeongoza nyimbo kanisani, uzi uliokatika katikati ya shughuli ni hasara. Gitaa lililobanduka daraja ni hasara kubwa zaidi, kwani gharama ya kulitengeneza huweza kukaribia bei ya gitaa jingine.

Kipo kifaa kidogo kinachopunguza adha hii. Makala haya yanaeleza namna ya kukichagua na kukitumia bila kuliumiza gitaa wala kujiumiza.

Gitaa si geni Pwani

Eneo hili lina historia ndefu ya gitaa. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, na nyimbo zake zilivuma katika miaka ya 1950. Bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzishwa Pwani mwaka 1972, ilitoa wimbo ‘Jambo Bwana’ mwaka 1982, na hadi leo watalii hutumbuizwa kwa wimbo huo hotelini.

Jina la Kisumu Ndogo nalo linakumbusha Kisumu ya ziwani, nyumbani kwa benga, muziki ambao D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz waliueneza kote Afrika Mashariki hadi alipoaga dunia mwaka 2006. Katika benga, gitaa la kuongoza hudonolewa kwa kasi kwenye nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo ndizo hukatika upesi zaidi zikishapata kutu.

Kifaa chenyewe

Kifaa cha kubadilishia nyuzi hutoshea kiganjani na huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni mkono wa kuzungushia, ambao mwisho wake una kikombe kirefu kinachovikwa juu ya kichwa cha kigingi. Kigingi ni kile kifungo kilicho kwenye kichwa cha gitaa, kinachozungushwa ili kukaza au kulegeza uzi. Ya pili ni kikatio cha waya, kinachofanana na mdomo wa koleo dogo. Ya tatu ni pengo lenye umbo la herufi U au V, la kung'olea pini zinazoshikilia nyuzi kwenye daraja.

Manufaa ya mkono wa kuzungushia yanaonekana kwa hesabu rahisi. Katika magitaa mengi, kichwa cha kigingi huzungushwa mara 14 ili mhimili unaovuta uzi uzunguke mara moja. Uzi mmoja ukihitaji mizunguko mitatu kwenye mhimili, hiyo ni mizunguko 42 ya kigingi. Nyuzi sita zitahitaji mizunguko 252. Kwa kuwa vidole huzungusha nusu mzunguko kwa wakati mmoja, mtu atasokota zaidi ya mara 500. Kwa mkono wa kuzungushia, kazi hiyo huisha kwa dakika chache.

Vipo vifaa vinavyofanya kazi moja tu, yaani kuzungusha, na bei yake huwa nafuu. Vipo vinavyounganisha kazi zote tatu, kama vile Pro-Winder ya kampuni ya D'Addario. Kuna aina ya tatu inayokunjwa mfano wa kisu cha mfukoni, ambayo huongeza bisibisi na funguo za pembe sita za kurekebishia gitaa la umeme.

Mambo ya kuchunguza unaponunua

Kwanza, fahamu gitaa lako ni la aina gani. Gitaa kavu la nyuzi za chuma huwa na pini sita darajani, hivyo pengo la kung'olea ni muhimu. Gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni halina pini kwani nyuzi hufungwa fundo. Gitaa la umeme kwa kawaida halina pini vilevile, lakini huwa na skrubu ndogo nyingi. Hakuna haja ya kulipia sehemu ambayo hutaitumia.

Pili, jaribu kikombe kwenye gitaa lenyewe kabla ya kulipa. Vichwa vya vigingi havilingani ukubwa. Vile vya gitaa la klasiki aghalabu huwa vipana, navyo vya gitaa la besi ni vikubwa kiasi kwamba kikombe cha kawaida hakiwezi kuvivaa. Kikombe kikilegea sana hukwaruza na kuteleza. Chenye mpira au plastiki laini kwa ndani ni bora kuliko cha chuma kitupu.

Tatu, chunguza kikatio, kwa kuwa hapa ndipo vifaa duni hushindwa. Kiini cha uzi wa gitaa ni chuma kigumu. Kikatio cha bati laini hubonyea baada ya kukata nyuzi chache, kisha hubaki kutafuna badala ya kukata. Beba uzi nene wa zamani uende nao dukani uujaribie. Ukikatika kwa mkupuo mmoja na ncha ikabaki safi, kifaa kinafaa. Funga midomo ya kikatio na uitazame kwenye mwanga. Ikiacha upenyo, tafuta kingine.

Nne, papasa kingo za pengo la kung'olea pini. Ziwe laini, zisizo na meno wala ukali, kwa maana zitakaribia sana mbao ya gitaa.

Tano, kwa wenye kutaka kifaa cha kukunjwa, angalia vipimo vya funguo. Magitaa ya Fender yanayotengenezwa Marekani hutumia vipimo vya inchi, ilhali mengi ya yale yanayotengenezwa Asia hutumia milimita. Ufunguo usiolingana na skrubu huila pembe zake, na baada ya hapo hakuna ufunguo utakaoifungua.

Hatua za kubadilisha

Lilaze gitaa mezani juu ya kitambaa, na uweke kitu laini chini ya shingo. Si lazima kuondoa nyuzi zote kwa pamoja. Anayebadilisha mmoja baada ya mwingine huiacha shingo katika mvutano wake wa kawaida, na hili ni muhimu zaidi kwa magitaa ambayo daraja lake halikugundishwa au hushikiliwa na springi.

Legeza uzi kwanza, kisha ndipo ukate. Nyuzi sita za chuma za gitaa kavu, zile za unene mwepesi, zikikazwa hadi sauti yake sahihi huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 kwa jumla, sawa na uzito wa mtu mzima. Uzi unaokatwa ungali umekazwa huruka kama mjeledi, na jicho la anayeinama juu yake limo hatarini. Zungusha kigingi hadi uzi ulegee kabisa, ndipo ukate.

Kabla ya kung'oa pini, sukuma uzi kidogo kuelekea ndani ya tundu lake ili kitufe cha shaba kilicho mwishoni kijinasue. Ingiza pengo la kifaa chini ya kichwa cha pini na uinyanyue wima, taratibu. Usiegemeze kifaa kwenye uso wa gitaa. Kama hapana budi, tanguliza kipande cha kadibodi. Pini ikikataa kutoka, usitumie nguvu. Ingiza mkono kwenye tundu kubwa la gitaa na uisukume kutoka chini kwa ukingo wa sarafu. Pini iliyovunjikia ndani ya daraja huwa kazi ya fundi.

Pangusa vumbi na jasho kwenye shingo, kisha tia uzi mpya. Kitufe kitangulie tundoni, pini ifuate huku mfereji wake ukielekea upande wa shingo. Ikandamize pini kwa kidole gumba na uvute uzi hadi uhisi kitufe kimekaa imara chini ya mbao ya daraja. Kikiegemea ncha ya pini tu, pini itafyatuka utakapokaza.

Pitisha uzi kwenye tundu la mhimili na uache ziada ya takriban sentimita tano, karibu sawa na umbali kati ya kigingi kimoja na kinachofuata. Ziada hiyo itatoa mizunguko miwili au mitatu kwa nyuzi nene. Nyuzi nyembamba zinahitaji mizunguko zaidi kidogo, hivyo ziachie ziada kubwa zaidi. Mizunguko ikipungua uzi huteleza. Ikizidi hupandana, na sauti haitulii.

Sasa vika kikombe juu ya kigingi. Mkono mmoja uzungushe, mwingine uushike uzi ukiwa umenyooka ili kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia. Mara uzi unapoanza kutoa sauti, weka kifaa kando na umalizie kwa vidole. Kifaa huzungusha kwa kasi na hakikupi hisia ya mkazo. Wengi hukata uzi mpya wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, kwa kuendelea kuzungusha hatua hii ya mwisho. Haraka haraka haina baraka.

Panga sauti kuanzia uzi nene kwa utaratibu wa E, A, D, G, B na E. Programu za simu za kupimia sauti hufanya kazi hii vyema, na kwa kawaida huwa zimewekwa kwenye kipimo cha A cha hetsi 440. Vuta kila uzi polepole mbali na shingo, uulinganishe tena, na urudie hadi sauti isishuke. Kata ncha iliyobaki baada ya sauti kutulia, ukiacha milimita tatu au nne.

Makosa yanayoharibu gitaa

Kosa kubwa kupita yote ni kutia nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki. Nyuzi za nailoni, ambazo zilichukua mahali pa zile za utumbo wa wanyama tangu miaka ya 1940, huvuta kwa karibu nusu ya nguvu ya zile za chuma. Gitaa lililojengwa kwa ajili yake likivishwa chuma hupinda shingo au kung'oka daraja, na hakuna kifaa kitakachozuia hilo. Ikiwa gitaa halina pini darajani na kichwa chake kina mianya miwili mirefu, lichukulie kuwa la nailoni hadi fundi athibitishe vinginevyo.

Kosa la pili ni kutumia ufunguo wa kifaa cha kukunjwa kuchezea chuma kilichopita ndani ya shingo. Chuma hicho hurekebishwa kwa robo mzunguko au chini ya hapo, na mtu anayejua anachotafuta. Kubadilisha nyuzi za unene uleule hakuhitaji kukigusa.

La tatu ni kutupa vipande vya nyuzi ovyo. Ncha zake ni kali kama sindano na hazionekani mchangani, ambako watoto hutembea pekupeku. Vikunje pamoja na uvitie kwenye kopo lenye kifuniko.

Kutunza nyuzi na kifaa

Nawa mikono kabla ya kupiga, na pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, baada ya kupiga. Lihifadhi gitaa ndani ya kasha lake badala ya kulitundika ukutani karibu na dirisha linaloingiza upepo wa bahari. Wanaomudu wanaweza kununua nyuzi zilizopakwa utando mwembamba, kama zile ambazo Elixir ilianza kuuza katika miaka ya 1990. Bei yake ni ya juu, lakini utando huo huchelewesha chumvi kufikia shaba.

Kifaa chenyewe nacho huingia kutu. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo cha kikatio na ukifunge ndani ya kitambaa kikavu. Kisitumike kukatia waya wa ua wala misumari. Kihifadhi ndani ya kasha la gitaa pamoja na seti moja ya nyuzi na nyuzi mbili za ziada za E nyembamba, kwa sababu aliye Malindi akiagiza kutoka Mombasa, umbali wa takriban kilomita 120, hazitamfikia kabla ya wimbo unaofuata.

Na kwa asiyekuwa nacho, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vidole, sarafu na koleo kali la fundi wa umeme vitaikamilisha kazi, mradi utaratibu ni uleule: kulegeza kabla ya kukata, kunyanyua pini wima, na kumalizia kukaza kwa mkono.